Mtoto Ameamka na Homa Kidogo

Jua bado halijapanda upande wa Alunguli, na mama amekwisha kuwasha makaa. Sare imenyooshwa tangu jana jioni: shati jeupe, kaptula ya bluu. Mtoto ameketi ukingoni mwa kitanda, hataki kuvaa. Paji la uso lina joto, lakini si joto la kutisha. Anakohoa mara mbili, mara tatu. Akiulizwa kama kichwa kinamuuma, anajibu ndiyo. Akiulizwa kama anaweza kwenda shule, anajibu ndiyo vilevile, kwa kuwa leo kuna jaribio la hesabu. Mama anatakiwa sokoni mapema. Baba yuko machimboni upande wa Kailo, na simu yake haipatikani. Hakuna wa kushauriana naye, na muda uliobaki ni dakika chache tu.

Ndugu wasomaji, wengi wetu katika chama hiki ni wazazi. Wengine ni walimu, wengine ni wauguzi. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hajapitia asubuhi ya namna hiyo. Wakati wa kawaida huwa ni jambo dogo la nyumbani. Wakati wa maradhi ya kuambukiza, uamuzi uleule unahusu pia nyumba za watu ambao mama huyo hawajui hata kwa majina. Ndiyo sababu tumeona vema kuutafakari hadharani, badala ya kumwachia kila mzazi aubebe peke yake gizani.

Katika kikao chetu kimoja swali hili liliwekwa mezani, nasi tukapata majibu matatu. Mama mmoja anayeuza mihogo alisema: “Ndugu zangu, nikimwacha nyumbani, nani atamtazama? Nikikaa naye, jioni tutakula nini?” Mwalimu wa shule ya msingi akamjibu kwa upole: “Mama, nakuelewa. Lakini benchi langu moja lina watoto wanne. Huyo unayeniletea akiwa anakohoa anapumua usoni pa watatu wengine, nao wana mama zao.” Bibi mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema: “Sisi zamani tulikwenda hivyo hivyo, tukapona.” Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Waliopona ndio tunaoongea.”

Maneno hayo ya mwisho yametukaa moyoni, nasi tungependa kuanzia hapo.

Mkoa wetu wa Maniema si mgeni wa magonjwa ya mlipuko. Mpox, ile tuliyozoea kuiita ndui ya nyani, ilitambuliwa kwa mwanadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970 katika nchi yetu, kwa mtoto mchanga wa eneo la Basankusu. Tangu hapo imekaa katika misitu yetu kama jirani mbaya asiyehama. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekuwa dharura ya ulimwengu mzima, na Kongo yetu ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi kupita nchi nyingine zote. Tarehe 5 Septemba 2025 dharura hiyo ilitangazwa kuwa imekwisha. Lakini kwisha kwa tangazo si kwisha kwa ugonjwa, na mzazi wa Kindu hawezi kuishi kwa kufuata matangazo ya Geneva peke yake. Zaidi ya hayo, katika mikoa ambayo ugonjwa huu umezoea kukaa, watoto wa chini ya miaka 15 ndio walioumia kuliko watu wazima. Kwa hiyo suala hili ni la shule kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Surua nayo tunaijua zaidi, na pengine ndiyo maana tunaiogopa kidogo kuliko inavyostahili. Katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, nchi yetu iliandikisha wagonjwa wanaodhaniwa zaidi ya 300,000, na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tulinganishe sasa na Covid-19: vifo vilivyoandikishwa Kongo nzima kwa ajili yake, kwa miaka yote, havikufika 2,000. Hata kama si kila kifo kiliandikwa, tofauti hiyo inatufundisha jambo. Kwa ajili ya Covid-19 tulifunga shule zote za taifa. Kwa ajili ya surua tuliendelea kuwapeleka watoto shuleni wakiwa na macho mekundu, tukisema ni mafua tu. Hofu yetu hufuata sauti ya redio, nacho kifo hupita njia nyingine.

Hapa ndipo ugumu wa lile neno “kidogo” unapoonekana. Tunasema mtoto anaumwa kidogo, ana homa kidogo, amekohoa kidogo. Lakini surua huanza hivyohivyo: homa, mafua, kikohozi, macho mekundu. Upele huja baadaye. Nayo huambukiza tangu siku nne hivi kabla ya upele kuonekana, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani katika chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Mpox pia huanza kwa homa, kuumwa kichwa, uchovu, na kuvimba kwa tezi za shingoni au kinenani. Ndipo vipele hutokea, hata katika viganja na nyayo. Siku ile ambayo mama anasema “kidogo” inaweza kuwa ndiyo siku ambayo ugonjwa una nguvu ya kusafiri.

Mtu atasema: lakini homa katika Kindu ni malaria! Ni kweli kwamba mara nyingi ni malaria, nayo malaria haipiti kutoka mtoto hadi mtoto kwa pumzi wala kwa kugusana. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini ndiyo hiyohiyo inayotulaza usingizi. Kwa kuwa homa tisa tumeziita malaria na hatukukosea, ya kumi nayo tunaiita malaria, na kumbe siyo. Tena, hata ikiwa ni malaria, mahali pake si kwenye benchi la shule. Mtoto mwenye malaria anahitaji kupimwa na kupewa dawa siku hiyohiyo, kwa maana ugonjwa ulioanza kama joto la asubuhi unaweza kuwa degedege la usiku. Kwa vyovyote vile, homa inamwelekeza mtoto kwenye kituo cha afya. Haimwelekezi darasani.

Tuna kosa letu la kuungama katika jambo hili. Wengi wetu tumewahi kumpa mtoto kidonge cha kuteremsha homa alfajiri, tukamvisha sare, tukamwambia asiseme kitu kwa mwalimu. Wakati wa Covid-19, ilipokuwa desturi kupima joto penye lango, wapo waliofanya hivyo ili mtoto apite. Kidonge hicho hakiondoi ugonjwa. Kinaondoa ushahidi wake kwa saa chache. Saa tano joto linarudi, mtoto analala juu ya meza, na mwalimu hajui la kufanya kwa sababu hakuambiwa chochote. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Walikuwa na maana ya mgonjwa mwenyewe. Katika darasa lenye watoto wengi, anayeumbuliwa anaweza kuwa mtoto wa mwingine.

Hata hivyo, hatutaki kumtwika mzazi hatia ambayo si yake yote. Kuna sababu zinazomfanya mama mwema apeleke mtoto mgonjwa shuleni, na wengi wetu tunashiriki kuziumba. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipoanza kutolewa bila malipo Septemba 2019, watoto waliokuwa wamefungiwa nje waliingia. Tulishangilia, na tunashangilia bado. Lakini kuta hazikuongezeka kwa kasi ya watoto, wala mabenchi, wala vyoo, wala ndoo za maji. Pia tunakumbuka mwaka ule wa kufungwa. Shule zilifungwa tarehe 19 Machi 2020. Waliokuwa katika madarasa ya mwisho walirudi tarehe 10 Agosti. Mwaka mpya ulianza tarehe 12 Oktoba. Zikafungwa tena tarehe 18 Desemba, hadi tarehe 22 Februari 2021. Hapakuwa na masomo ya redio au ya intaneti yaliyofika katika nyumba zetu zote. Wapo wavulana waliokwenda machimboni “kwa muda” na hawakurudi darasani. Wapo wasichana waliorudi wakiwa na ujauzito, na wengine hawakurudi kabisa. Mzazi aliyeona hayo akiogopa kila siku ya kutokuwepo shuleni, hatuwezi kumwita mzembe. Ameonja gharama ya mlango uliofungwa.

Basi tusiwe wepesi wa kusema: kila anayepiga chafya abaki nyumbani. Watoto wadogo hupata mafua mara nyingi kwa mwaka. Tukiwazuia kila mara, tutawanyima shule kwa jina la kuwalinda, na watakaopoteza zaidi ni wale ambao nyumbani hakuna kitabu wala mtu wa kuwasomea.

Maoni yetu ni haya. Mtoto mwenye mafua mepesi, asiye na joto, anayekula chakula chake na kucheza kama kawaida, aende shule. Aambiwe akohoe katika kiwiko, anawe mikono kwa sabuni, asichangie kikombe, na mwalimu ajulishwe. Mtoto mwenye homa, au upele wowote mpya, au macho mekundu pamoja na kikohozi, au anayetapika au kuhara, abaki, na aonwe na muuguzi siku hiyohiyo. Tusipoteze muda kubishana nyumbani kama vipele hivyo ni tetekuwanga au mpox: hata watu wa afya huvichanganya, na yote mawili huambukiza. Mwenye mpox hubaki mbali na wenzake hadi magaga yote yamedondoka na ngozi mpya imefunika mahali pake, jambo ambalo huchukua majuma mawili hadi manne. Na pale ambapo mzazi ana shaka ya kweli, asiyeweza kuiondoa kwa mkono wala kwa macho, mtoto abaki siku moja. Siku moja ya masomo inaweza kulipwa. Yako mambo ambayo hayalipwi.

Tunasema “kuonwa na muuguzi” tukijua kwamba watu wengi wanaogopa kituo cha afya: wanaogopa gharama, wanaogopa kutengwa, wanaogopa jina la ugonjwa. Kwa hao tunaleta ushuhuda wa hapa kwetu. Huko Tunda, katika eneo la Kibombo, mkoani mwetu, na huko Kole katika Sankuru, kulifanyika jaribio la dawa moja ya mpox. Matokeo yalipotangazwa Agosti 2024, ilionekana kwamba dawa hiyo haikuharakisha kupona kwa vidonda. Wengi walivunjika moyo. Lakini kulikuwa na jambo la pili: kati ya wagonjwa 597 walioshiriki, waliofariki walikuwa asilimia 1.7, wakati kwa wagonjwa wa nchi nzima hesabu ilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Na hali hiyo ilikuwa sawa kwa waliopewa dawa yenyewe na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Watu hao walilazwa, wakatunzwa, wakalishwa vema, wakanyweshwa, maradhi mengine waliyokuwa nayo yakatibiwa. Yaani matunzo ya kawaida, yakitolewa mapema na kwa uangalifu, yanaokoa. Hilo halikuthibitishwa katika mji wa mbali. Lilithibitishwa katika Maniema.

Sasa tuseme wajibu wa wengine, maana wahenga walisema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Shule kwanza. Shule zetu nyingi zinaendeshwa na Kanisa kwa mkataba na serikali uliotiwa sahihi mwaka 1977; kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mambo haya ni ya serikali peke yake. Mkurugenzi anayemwadhibu mtoto kwa kutokuwepo siku aliyokuwa na homa anawafundisha wazazi wote wa shule hiyo kuficha. Mwalimu anayempa sifuri mtoto aliyekosa jaribio kwa ugonjwa anasaini ruhusa ya kuleta ugonjwa darasani kesho. Tunaomba jaribio lirudiwe, bila maneno makali. Tunaomba neno la mzazi litoshe kwa siku moja au mbili, bila kudai karatasi ya mganga ambayo mama atailipia kwa fedha za chakula. Tunaomba ndoo ya maji na sabuni viwepo mlangoni hata baada ya wageni wa ukaguzi kuondoka. Na mtoto akiugulia darasani, akae penye hewa, mzazi aitwe kwa siri na kwa heshima. Asisimamishwe mbele ya wenzake kama mkosaji.

Jumuiya zetu ndogo nazo. Tunakutana kila juma, tunajuana nyumba kwa nyumba. Ni jambo gani litatuzuia tusipange, katika kila jumuiya, mtu mmoja au wawili wanaoweza kukaa na mtoto mgonjwa wakati mama yuko sokoni? Wapo akina bibi walio na afya na muda. Wapo vijana wasio na kazi waliokwisha kuugua surua au kupata chanjo yake. Iwapo ugonjwa ni wa kuambukiza sana, basi jirani asiingie. Alete chakula mlangoni, achote maji, auze mihogo ya mama huyo pamoja na yake na kumletea faranga zake jioni. Kumwambia maskini “kaa nyumbani” bila kumletea kitu ni kumtupia sheria, wala si kumsaidia. Na akina baba, sisi tunaopenda kusema kwamba habari za watoto ni za mama zao, tujiulize kwa nini katika kikao kile wote watatu waliojibu walikuwa wanawake.

Vilevile, chanjo. Dozi ya surua hutolewa kwa mtoto akiwa na miezi tisa, na kadi yake si karatasi ya kufungia karanga. Mtoto aliyechanjwa humpunguzia mama yake zile asubuhi ngumu tunazozizungumzia.

Wapo wanaouliza kama kumzuia mtoto kuonana na wenzake si ukatili, hasa kwa Wakristo ambao Bwana wao aliwagusa wenye ukoma. Tusome vizuri. Katika kitabu cha Walawi, mtu mwenye alama katika ngozi alitengwa siku saba, kisha kuhani akamwangalia tena. Alipokuwa safi, alirudi kati ya watu. Naye Yesu, baada ya kumgusa na kumponya yule mkoma, alimtuma akajionyeshe kwa kuhani, ili kurudi kwake kutambuliwe na wote. Kutenga kwa haki kuna siku ya mwisho inayojulikana, na kuna mtu wa kumpokea anayerudi. Ukatili ni kumtenga mtu na kumsahau, au kumpokea kwa minong’ono. Mtoto aliyepona mpox akabaki na makovu usoni anastahili kuketi kwenye benchi lake bila kusogewa mbali. Tukilipata hilo, wazazi hawataficha, maana watajua kwamba mlango uliofungwa leo utafunguliwa kesho.

Tunajua kuwa tumesema mengi, na asubuhi ya kesho mama atakuwa tena na dakika chache tu. Ataweka mkono juu ya paji la uso la mwanawe. Tunachotamani ni kwamba wakati huo asijione yuko peke yake: ajue kwamba mwalimu hatamwadhibu mtoto, kwamba bibi wa nyumba ya tatu ataitika akiitwa, kwamba kituoni hatatukanwa, kwamba jaribio la hesabu litarudiwa Jumatatu. Akiyajua hayo, hatahitaji ujasiri wa pekee ili aamue vema.

Sare itabaki imetundikwa msumarini kwa siku mbili tatu. Alasiri, mtoto wa jirani atasimama uani, mbali kidogo na mlango kama alivyoagizwa, ataweka daftari lake juu ya jiwe ili mwenzake anakili masomo ya siku hiyo, naye atauliza kwa sauti: “Utakuja lini?” Tuhakikishe, sisi watu wazima, kwamba swali hilo lina jibu.